Mgeni rasmi na mzungumzaji mkuu: nani aulizwe nini kuhusu usafiri wa anga

Kwenye makongamano yetu, iwe Bagamoyo au Dar es Salaam, mgeni rasmi hufungua mkutano na mzungumzaji mkuu hutoa mada. Mgeni rasmi mara nyingi ni waziri. Mshereheshaji husoma wasifu wao mbiombio, ilhali humo ndimo msikilizaji anapopata swali la kuuliza.

Mchukue Hamza Johari. Ni mwanasheria, si rubani. Ndiye aliyeongoza Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) mwaka 2017, Tanzania iliposaini mkataba wa rada nne za kuongozea ndege, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu hapo, akizungumzia anga, anayesikika ni mshauri mkuu wa Serikali katika sheria, si msimamizi wa mashirika ya ndege. Malalamiko ya safari kuahirishwa yapelekwe TCAA. Ya mikataba, muulize yeye.

Profesa Makame Mbarawa alipita njia nyingine: uhandisi wa mitambo, kufundisha chuo kikuu Afrika Kusini, kisha uwaziri. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano wakati ATCL ilipoanza kufufuliwa kwa ndege mbili za Bombardier Q400, Septemba 2016. Mtu kama huyo anaweza kuulizwa habari za injini na za bajeti kwa pamoja. Tatizo ni kwamba mgeni rasmi huwa anaondoka kabla ya maswali, kwa hiyo swali lake wape waandaaji mapema, kwa maandishi.