Kiriba kinachooza na jua la Nachingwea na Ruangwa

Kiriba cha mche wa mkorosho hutakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Kitaluni kivumilie jua, maji na mikono ya wabebaji kwa miezi kadhaa. Kikishafika shambani kitoweke, kwani mzizi mkuu wa mkorosho haupendi kikwazo. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako korosho ndiyo tegemeo la wengi, plastiki ya kawaida huimudu kazi ya kwanza tu. Asipoichana mkulima, mzizi hujikunja ndani yake.

Katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza Tanzania Bara Juni 1, 2019, halikugusa vifungashio vya kilimo. Hata hivyo, mbadala upo: poliesta zinazooza, hasa mchanganyiko wa PLA, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa, na PBAT, ambayo kwa kawaida hutokana na petroli lakini huliwa na vijidudu.

Kila moja ina ila yake. PLA ina nguvu ya megapaskali 50 hadi 70, lakini ikivutwa kwa asilimia chache tu ya urefu wake hukatika. PBAT hurefuka zaidi ya mara tano, ila ni dhaifu. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani vema. Matone ya moja hukaa ndani ya nyingine kama mafuta majini, na mpasuko huanzia mpakani. Ndiyo maana watengenezaji huongeza kemikali ya kuziunganisha.

Kuhusu joto, mambo ni magumu zaidi. PLA huyeyuka kati ya nyuzi joto 150 na 180, lakini hulegea mapema, karibu na 60. Hewa ya Nachingwea haifiki huko. Shehena iliyofunikwa turubai juani, au ghala la bati, huweza kukaribia. PBAT haina shida hiyo, kwani huyeyuka karibu na nyuzi 120, lakini jua kali huikausha ikawa ya kukatikakatika. Umwagiliaji nao huanza kuvunja minyororo ya poliesta zote mbili kungali mapema.

Wanasayansi wamejaribu kuilainisha PLA kwa kadanoli, kemikali itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho, ambayo Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyaandikia mapitio ya kisayansi mwaka 2016. Kilainishi, hata hivyo, hushusha kiwango cha joto ambapo PLA hulegea. Isitoshe, korosho nyingi za kusini zimekuwa zikiuzwa ghafi India na Vietnam, maganda yakiwa juu yake.

Neno "inayooza" nalo lina mtego. Cheti cha mboji ya viwandani hutolewa kwa vipimo vya nyuzi 58. Kwenye udongo wa kawaida PLA huweza kukaa miaka. Kiwango cha Ulaya EN 17033 cha mwaka 2018, kilichowekwa kwa matandazo ya plastiki shambani, hutaka asilimia 90 ioze ndani ya miaka miwili katika udongo wa nyuzi 20 hadi 28. Kwa mzizi wa mkorosho, miaka miwili ni mingi mno. Kiriba chenye cheti hicho bado kitachanwa siku ya kupanda. Tofauti ni kwamba vipande vyake havitakutwa shambani miaka mingi baadaye.