Kiingereza, somo lililobebeshwa masomo mengine

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta makarani, maakida na walimu wakiandikiana barua za serikali kwa Kiswahili. Wajerumani walikuwa wamefungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Katika shule hiyo na zilizofuata, Kiswahili ndicho kilichotumika kuwaandaa watumishi wa utawala. Kiingereza kiliingia kwa kuchelewa, kikakuta nyumba ina mwenyewe. Ndiyo maana historia ya somo la Kiingereza katika sekondari zetu ni fupi kuliko wengi tunavyodhani. Ina takriban miaka mia moja tu, na karibu kila kinachotukwaza leo kilitiwa mizizi ndani ya miaka hiyo.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kukagua elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo James Aggrey, msomi wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Ushauri wa tume ulikuwa mtoto aanze kwa lugha ya kwao, na Kiingereza kije baadaye kwa wale watakaoendelea juu. Mwaka uliofuata shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa, ikalenga hasa watoto wa machifu. Utaratibu uliojengeka ulikuwa kwamba madarasa ya chini yanafundishwa kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kinaanza kama somo, na mwanafunzi akifika madarasa ya juu kinageuka kuwa lugha ya kufundishia kila kitu. Wachache sana walifika huko. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, wakalimani na watawala wadogo kwa idadi iliyojipangia, si zaidi. Lango lilifanywa jembamba kwa makusudi, na Kiingereza ndicho kilichowekwa kuwa bawabu.

Julius Nyerere alipita lango hilo mwaka 1937 alipotoka Shule ya Mwisenge, Musoma, kwenda Tabora, na kutoka hapo akaenda Makerere. Kizazi chake na vilivyofuata vilisoma vikielekezwa kwenye mtihani mmoja mkubwa, ule wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu ya watoto wa Pugu, Tabora, Tanga na Nairobi yalisafirishwa kwenda kusahihishwa hukohuko. Cheti cha Cambridge kilitolewa kwa mkupuo, na ufaulu wa Kiingereza ulikuwa sharti. Mwanafunzi angeweza kung'ara katika hesabu, jiografia na sayansi zote, lakini akianguka Kiingereza hakupata cheti. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi mambo yalivyokuwa Kenya: mwanafunzi aliyenaswa akizungumza Kikuyu alikabidhiwa kifungo cha nguo, naye ampe mwingine atakayenaswa, hadi jioni mnyororo mzima wa wakosaji ufichuliwe. Somo lilifundishwa pamoja na hofu, na nadhani hofu hiyo imedumu kuliko sarufi yenyewe.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema hawakujifunza. Walijifunza, tena kwa kina. Waliokuwa darasani walikuwa wachache, walimu wao walikimudu Kiingereza, na kabla ya kufika juu walikuwa wamekiishi kwa miaka kadhaa. Matunda yake yalikuja kuinufaisha lugha yetu. Mwaka 1963, huku akiwa Rais, Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hawa ni watu waliosoma Kiingereza kama somo, wakakimudu, wakarudi nacho nyumbani wakiwa wamebeba kitu. Sijui ushahidi bora wa kile ambacho somo hili linaweza kufanya likifundishwa vizuri.

Lakini walikuwa wangapi? Nyerere mwenyewe alitoa hesabu: mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu walikuwa Kidato cha Sita. Kufikia mwaka 1967 wa sekondari walikuwa 25,000, na wa Kidato cha Sita 830. Takwimu hizi zimo katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, na mageuzi yaliyoambatana na waraka huo ndiyo fundo la habari hii yote.

Katika mageuzi hayo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Ulikuwa uamuzi sahihi, nami nausema bila kusitasita. Mtoto wa Newala na mtoto wa Bukoba waliweza kusoma hesabu na maarifa kwa lugha moja wanayoielewa, na taifa likapata watu wanaosoma na kuandika kwa kasi ambayo isingewezekana vinginevyo. Kasoro ilikuwa upande wa pili wa mlango. Sekondari iliachwa palepale ilipokuwa, na masomo yake yote yaliendelea kwa Kiingereza. Ngazi iliyokuwa ikimpandisha mtoto kidogo kidogo iliondolewa, na dari ikabaki juu vilevile. Vipindi vichache vya Kiingereza kwa wiki, katika shule ya msingi ambayo mazingira yake yote ni ya Kiswahili, vilitarajiwa kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na miaka ya kufundishwa kwa lugha hiyo.

Wapangaji waliliona hilo. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulitaja nia ya kukipandisha Kiswahili hadi sekondari. Somo la Siasa likaanza kufundishwa kwa Kiswahili. Fizikia, historia na mengineyo yalibaki yanasubiri zamu ambayo haikufika.

Katika miaka hiyohiyo, yaliyosomwa ndani ya somo la Kiingereza yalibadilika kwa namna inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1962 Heinemann ya London ilianzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika, na riwaya ya kwanza ikawa ile ya Chinua Achebe kuhusu Okonkwo. Mwaka 1966 East African Publishing House ilitoa utenzi wa Lawino wa Okot p'Bitek. Oktoba 1968 Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati badala ya pembeni. Mjadala ule haukuishia chuoni. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili jinsi fasihi ya Afrika itakavyofundishwa sekondari. Kwetu, Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo maswali ya Kiingereza yametungwa na Watanzania. Okonkwo na Lawino nao walivuka kuja Kiswahilini: Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute ilitoka mwaka 1973, na Wimbo wa Lawino ya Paul Sozigwa mwaka 1975. Vitabu vikawa vya kwetu, mtihani ukawa wa kwetu. Kilichobaki bila kuamuliwa ni kazi ya lugha yenyewe darasani.

Nafasi kubwa kuliko zote ilikuja miaka ya 1980. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikamilisha ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate mwaka 1991. Kiingereza kingebaki kuwa somo, kwa maana kamili ya neno hilo: kinafundishwa, kinasomwa, kinapimwa, bila kulazimishwa kubeba kemia na uraia. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, kwa hiyo lazima kipewe uzito wake. Maneno hayo yamenukuliwa mno na watetezi wa Kiingereza cha kufundishia. Mimi nayasoma vingine. Mtu anaweza kukubali kila herufi ya kauli hiyo na bado akauliza kama mtoto atajifunza lugha ya dunia kwa kunakili ubaoni maelezo ya usanisinuru asiyoyaelewa.

Mwaka huohuo Clive Criper na Bill Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walipima uwezo wa wanafunzi wetu. Waliwapa vifungu vya habari vyenye maneno yaliyoondolewa, mwanafunzi ajaze nafasi kwa kuelewa mtiririko. Waligundua kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza *ianze*. Yaani wanamaliza sekondari wakiwa hawajafika pa kuianzia. Pamoja na kuyaona hayo, walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia na ufundishaji wake uimarishwe. Ukafuata mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, kuanzia mwaka 1987.

Mradi huo ulileta jambo moja zuri ambalo walimu wa rika la wakati ule hulitaja mpaka leo, nalo ni vitabu vyepesi vya hadithi vya kusomwa kwa kujifurahisha. Wazo lake halina ugumu. Mtu hujifunza lugha kwa kusoma kingi anachokielewa, si kwa kuhangaika na kidogo asichokielewa. Richard Mabala, mwalimu aliyetoka Uingereza akaifanya Tanzania kuwa kwao, aliandika hadithi ya Hawa dereva wa basi na ya Mabala aliyetoka mjini akaenda kulima. Wanafunzi wa vidato vya chini wamezisoma kwa miongo kadhaa, na ukiwauliza watu wazima leo walisoma nini sekondari, wengi wataanza na Hawa kabla ya kufika kwenye tamthilia za Wole Soyinka. Kiingereza cha hadithi hizo ni rahisi, maisha yaliyomo ni ya Dar es Salaam na ya kijijini, na msomaji anacheka pale anapotakiwa kucheka. Laiti kila shule ingekuwa na vitabu vya namna hiyo mia mbili, na mwalimu mwenye muda wa kuwaachia watoto wasome tu! Badala yake, katika shule nilizopita, nimeona nakala chache zikifungiwa kabatini zisichakae, na wanafunzi wakikariri muhtasari wa wahusika na dhamira kutoka kwenye kijitabu cha maswali na majibu.

Kisha sekondari zikaongezeka kuliko wakati wowote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na wakati Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu kila kata ilihimizwa kujenga yake. Wazazi walichanga, wakabeba mawe na mchanga. Watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuota sekondari walivaa sare za Kidato cha Kwanza, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini walimu wa Kiingereza hawajengwi kwa nguvukazi ya kijiji. Vijana wengi walikabidhiwa somo hilo wakiwa wao wenyewe ni zao la darasa lilelile ambalo Criper na Dodd walilipima. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, hadi yakafutwa na kupangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, na lugha haikuwa peke yake. Ila mwanafunzi asiyeelewa swali hana njia ya kuonyesha kama analijua jibu.

Wazazi wenye uwezo hawakungoja. Walikimbilia shule za Ingilishi midiamu, au waliwapeleka watoto masomo ya pri-fomu wani katika ile miezi kati ya mtihani wa darasa la saba na kuanza sekondari. Wa shule za Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, wakabaki na wiki chache za maandalizi mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza, kisha biolojia ikaanza. Miaka mia moja baadaye bawabu yupo palepale langoni, ila siku hizi anawatenga walionacho na wasionacho.

Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walilieleza hili vizuri katika kitabu chao cha mwaka 1997. Kufundishia kwa lugha ambayo mwanafunzi haijui si njia ya kumfundisha lugha hiyo, na hasara inakuwa pande zote mbili, kwenye maarifa na kwenye lugha. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilielekea huko ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Tangu hapo Kiswahili kimeingia mahakamani kwa sheria ya mwaka 2021, na Umoja wa Afrika umekipokea miongoni mwa lugha zake za kazi. Darasa la sekondari ya serikali limeendelea kwa Kiingereza.

Nakipenda Kiingereza, na ndiyo sababu naandika haya. Kinastahili mwalimu aliyesomea kukifundisha, vipindi vya kuzungumza na si vya kunakili tu, maktaba, na mwanafunzi ambaye kukosea njeo hakumgharimu alama za historia.

Muda hautoshi kuendelea kuahirisha. Chini ya mtaala ulioanza Januari 2024, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa la saba wa utaratibu wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa mkupuo, na walimu wa Kiingereza watakaowapokea wanapaswa kuwa vyuoni sasa hivi.