Breki iliyozaliwa na buti kuukuu

Ukipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, wilayani Muleba, gari hunguruma kwa gia ndogo na abiria hupiga soga. Kurudi ndipo soga hukatika. Utotoni niliwatazama wateremsha ndizi ambao baiskeli zao hazikuwa na breki: mguu mmoja juu ya tairi, soli ya kandambili ikisagika mpaka inanuka.

Mvumbuzi Herbert Frood naye aliona jambo kama hilo huko Derbyshire, Uingereza, nchi ya vilima kama Muleba. Ilikuwa 1897. Wenye mikokoteni ya farasi walikuwa na breki ya gogo linalobanwa kwenye gurudumu. Gogo likianza kuteleza, walilivisha buti kuukuu. Buti lilishika, ila halikudumu. Frood akaanza kujaribu vitambaa vizito vilivyoshindiliwa na kugandishwa, na mwaka 1902 akafungua kiwanda Chapel-en-le-Frith. Alichukua herufi za jina lake, akazichanganya, akaongeza E ya mkewe Elizabeth. Likazaliwa jina la kampuni yake, Ferodo.

Magari yakaja na shida mpya. Breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto, na mteremko mrefu hulimbikiza joto hilo hadi breki inalegea. Ndiyo sababu dereva anayeujua mlima wa Kamachumu hushuka kwa gia aliyopandia. Kitambaa cha Frood kiliungua, hivyo mwaka 1908 akakimbilia asbesto, nyuzi za mwamba zisizoshika moto.

Breki zikawa imara, lakini mapafu ya watu yakalipa. Vumbi la asbesto huleta saratani, tena miaka mingi baada ya kulivuta. Katika miaka ya 1920 Ferodo ilichukuliwa na Turner & Newall, kampuni iliyomiliki migodi ya asbesto katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe na Eswatini. Waafrika walichimba nyuzi hizo, na vumbi lake wakalivuta wao kwanza. Federal-Mogul ya Marekani iliinunua Turner & Newall mwaka 1998. Mwaka 2001 madai ya wagonjwa yaliielemea Federal-Mogul hadi ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Magari ya zamani, ambayo breki zake zinaweza kuwa na asbesto, bado yanafunguliwa kwenye gereji zetu. Fundi wangu wa Bukoba, ukivua drumu ya breki, vumbi lile usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha kitambaa, ulifute likiwa bichi.