The Medallion: Muvi ambayo Jackie Chan anakufa kweli, na kwa nini iligawanya mashabiki

Kuna sheria moja ambayo kila aliyekulia vibanda umiza anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwishowe adui ndiye anayekwenda chini.

The Medallion, muvi ya mwaka 2003, iliamua kuichezea sheria hiyo. Jackie Chan anakufa katikati ya stori. Kisha anafufuka, na akishafufuka haumii tena. Kwa wengine hapo ndipo utamu ulipoanza. Kwa wengine ndipo ulipoishia.

KWA UFUPI
• Mwaka: 2003
• Muongozaji: Gordon Chan
• Msimamizi wa mapigano: Sammo Hung
• Mastaa: Jackie Chan, Lee Evans, Claire Forlani, Julian Sands
• Aina: polisi, kung fu, vichekesho na mambo ya miujiza
• Urefu: haifiki saa moja na nusu

Stori inahusu nini?

Eddie Yang (Jackie Chan) ni inspekta wa polisi Hong Kong. Anamfukuzia mhalifu aitwaye Snakehead, ambaye naye anamsaka mtoto anayeitwa Jai. Mtoto huyu ndiye mwenye uwezo wa kuamsha nguvu za medali ya kale, inayompa mtu uhai usioisha.

Jai anatekwa na kupelekwa Ireland. Eddie anamfuata hadi Dublin, ambako anafanya kazi na maofisa wawili wa Interpol: Arthur Watson, mtu wa kujiamini kuliko uwezo wake, na Nicole James, ambaye aliwahi kuwa mpenzi wa Eddie.

Kwenye purukushani, Eddie na mtoto wanajikuta ndani ya kontena linalozama. Eddie anamwokoa Jai, yeye anakufa maji. Jai anatumia medali kumrudisha. Eddie anaamka mochwari akiwa na nguvu zisizo za kawaida.

Wanaoipenda wanapenda nini?

Kwanza, ni nyepesi. Unaweza kukaa na watoto ukaiangalia bila kushika rimoti kwa wasiwasi. Watson kumkuta Eddie yuko hai wakati alishajua amekufa ni kichekesho ambacho hakihitaji mkalimani.

Pili, kuna mbio za miguu kwenye mitaa ya Dublin, kabla Eddie hajafa. Jackie anaparamia uzio na kuruka vizuizi kama zamani. Hata wasioikubali muvi nzima wengi huwa wanakiri kwamba kipande hicho ni kikali.

Wanaoiponda wanasema nini?

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Jackie alijenga jina kwa kuumia kweli. Kwenye Project A (1983) alidondoka kutoka kwenye mnara wa saa. Kwenye Police Story (1985) aliteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya jengo la maduka, akaungua mikono. Wakati wa kurekodi Armour of God alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu, nusura apoteze maisha.

Ndiyo maana tulikuwa tunacheka huku tumeshika roho. Ukijua mtu anaweza kuvunjika, kila anapokwepa kiti unashangilia.

Sasa Eddie wa The Medallion akishafufuka, kisu hakimuui. Anaruka kwa msaada wa nyaya na picha za kompyuta. Hofu inaondoka, na ikiondoka hofu, kicheko nacho kinapungua. Wachambuzi wengi wa nje waliiponda. Marekani iliingiza kama dola milioni 22 tu, wakati Rush Hour 2, aliyoicheza miaka miwili kabla, iliingiza zaidi ya dola milioni 220 nchini humo.

Lakini tuwe wakweli

Muvi hii ilipotoka, Jackie alikuwa na miaka 49. Mwili wake ulikuwa umebeba majeraha ya zaidi ya miaka 20. Kumlaumu kwa kutumia nyaya ni sawa na kumtaka aendelee kuvunjika mifupa ili sisi tufurahi. Tatizo halikuwa nyaya. Tatizo ni kwamba stori ilimpa steringi uwezo wa kutokufa, halafu haikumtafutia kitu kingine kikubwa cha kupoteza.

Uitazame?

Kama unataka kucheka jioni na familia, ndiyo. Kama hujawahi kumwona Jackie na unataka kujua kwa nini watu wanamsifia, anza na Police Story. Ukiimaliza, rudi kwenye The Medallion. Utaona mwenyewe ni wapi muvi hii inapoteza, na ni wapi mzee bado yuko vizuri.