Sura Katika Sarafu na Sura ya Mzee

Msomaji, ukipita katika mtaa wa Fedha, upande wa mashariki wa Nairobi, utaona jinsi shilingi ipitavyo mkono kwa mkono madukani. Ukibahatika kupata sarafu ya zamani, itazame vizuri, kwani inayo habari ya uso wa mwanadamu.

Fedha za kwanza za Benki Kuu ya Kenya zilitolewa mwaka 1966, zikiwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Mzee alifariki mwaka 1978. Lakini sura yake iliporudi katika sarafu za mwaka 2005, haikuwa imezeeka. Madini si ngozi.

Huko Uingereza walifanya vingine. Elizabeth wa Pili alikuwa nchini Kenya, mwenye umri wa miaka 25, babake alipofariki Februari 1952 naye akawa malkia. Baada ya sarafu zake za mwaka 1953, sura yake ilichorwa upya mwaka 1968, 1985, 1998 na 2015. Zipange sarafu hizo tano, nawe utaona uso mmoja ukizeeka.

Je, sababu ni nini? Ndani ya ngozi mna nyuzi za kolajeni ziipazo nguvu, na nyuzi za elastini ziirudishazo inapovutwa. Miaka ipitapo, nyuzi hizo hupungua na kulegea. Mafuta ya mashavuni hupungua na kushuka. Mifupa ya taya na ya tundu za macho nayo huliwa polepole. Meno yakitoka, taya hunywea. Basi ngozi hukosa cha kuitegemeza, ikajikunja. Jua kali na moshi wa tumbaku huharakisha kazi hiyo. Lakini ngozi nyeusi hujikinga zaidi na jua kwa rangi yake, hivyo makunyanzi yake hukawia.

Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote katika fedha za Kenya, na sarafu za mwaka 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na tembo. Basi, msomaji, sura za wazee hutazisoma tena katika sarafu mpya. Hapana budi uzisome kwa wenyewe. Umwonapo bibi au babu mwenye makunyanzi, usimdharau. Keti naye, umwulize aliyoyaona, kwani yeye hadumu kama madini.