Daftari la Mteja Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Programu za kusimamia uhusiano na wateja, yaani zile zinazohifadhi jina la kila mnunuzi, namba yake ya simu, bidhaa alizochukua, kiasi anachodaiwa na siku ya kumtafuta tena, zilienea duniani katika miaka ya 1990, na kampuni ya Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, ilikuwa miongoni mwa zilizozihamishia kwenye intaneti. Kazi yenyewe ni kongwe zaidi ya hapo katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwa kuwa biashara ya kisiwa hicho ilisimama juu ya mkopo, na asiyemjua vizuri mteja wake hakuweza kumkopesha.

Muhula wa mkopo huo uliwekwa na upepo. Majahazi ya Ghuba, Oman na Kutch yaliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, yakileta tende, papa wa chumvi na mazulia, kisha yakaondoka kwa kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko, hivyo nahodha aliyechukua shehena bila kulipa alijulikana kwamba atadaiwa msimu unaofuata, iwapo bado alitaka kupata shehena nyingine. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu nayo ilitegemea mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa neno na kulipiwa baada ya kuuzwa: tajiri wa pwani alitoa nguo, shanga na nyaya za shaba, akasubiri miezi mingi kabla ya kuona pembe hata moja.

Katika mazingira hayo, swali la alichopenda kununua mteja lilikuwa dogo kuliko swali la nani aliye nyuma yake. Jina lake peke yake halikutosha. Lilihitaji la baba na la babu, mtaa wake, na kwa Waswahili wa Mombasa, taifa lake miongoni mwa Thenashara Taifa, muungano wa koo 12 uliogawanyika katika Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Aya ya deni katika Sura ya al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe na kushuhudiwa, kwa hiyo mikataba mikubwa iliandikwa katika waraka, yaani hati yenye majina ya wahusika na mashahidi, ambayo ingeweza kupelekwa mbele ya kadhi pakitokea ugomvi. Aliyesimama kuwa mdhamini alikuwa sehemu ya kumbukumbu ile, na aibu ya kutolipa ilimpata yeye na jamaa zake pia.

Wafanyabiashara wa Kihindi walileta utaratibu mwingine wa uandishi. Wahindu wa Gujarat na Kutch waliweka hesabu zao katika vitabu virefu vyembamba vilivyofungwa kwa kitambaa chekundu, wakafungua vipya na kuviombea wakati wa Diwali, ilhali Mabohora, Waislamu wa asili ya Gujarat, waliandika Kigujarati chao kwa herufi za Kiarabu. Ufanisi wa vitabu hivyo hauna shaka. Walakini jambo moja halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba mteja wa Kiswahili, hata aliyekuwa msomi wa Kiarabu, kwa kawaida hakuweza kusoma ukurasa ulioandikwa jina lake katika Kigujarati. Alilipa kwa kuamini kinywa cha mwenye duka.

Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 iliupanua mtandao huo wa mkopo kupita kiasi cha kumbukumbu ya mtu mmoja. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka kando ya reli na hadi Uganda, akiwatuma mawakala waliopokea bidhaa kwa mkopo na kurudisha hesabu, kiasi kwamba mteja wa bara alikuwa mstari katika daftari la wakala, na wakala mwenyewe mstari katika daftari la tajiri. Mwaka huohuo wa 1896 National Bank of India ilifungua tawi Mombasa, lakini benki iliwapendelea wenye makampuni na dhamana za kimaandishi. Serikali ya kikoloni nayo ilitunga mwaka 1903 sheria ya kudhibiti mikopo ya biashara kwa wenyeji, iliyofanya iwe vigumu kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni la Mwafrika. Ilitangazwa kuwa kinga. Matokeo yake yalikuwa kumfungia Mwafrika milango ya mkopo rasmi na kumwacha kwa mwenye duka, ambaye naye, bila mahakama ya kukimbilia, aliegemea zaidi ujuzi wake wa watu na daftari lake.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata hayakutoka kwa programu za ofisini. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilituma ujumbe kwa pande zote mbili za malipo, na hivyo mnunuzi wa kawaida akapata nakala yake mwenyewe, ya lugha anayoisoma, katika mfuko wake. Mwaka 2009 kebo ya intaneti ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, ikipita, kana kwamba kwa mazoea, bahari ileile ya majahazi, na programu za wateja zinazoendeshwa kwa mbali zikawa rahisi kutumika katika maduka na hoteli za kisiwani. Ndani ya programu hizo namba ya simu imechukua nafasi ya jina la babu, na mdhamini hana safu ya kuandikwa. Kumbukumbu imerudi mikononi mwa muuzaji, tena ikiwa pana kuliko kitabu chochote chekundu, ila safari hii Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kuona kilichoandikwa juu yake, kupinga kisitumike, na kudai kilicho cha uongo kirekebishwe au kifutwe.