Upelelezi bila maiti: jinsi hadithi za wapelelezi zilivyoingia kwenye filamu za watoto

Sherlock Holmes hakuumbwa kwa ajili ya watoto. Katika A Study in Scarlet, riwaya ya 1887 iliyomtambulisha, Arthur Conan Doyle anamfikisha kwenye nyumba isiyokaliwa na mtu, yenye maiti sakafuni na neno lililoandikwa ukutani kwa damu. Katika The Sign of Four, miaka mitatu baadaye, mpelelezi huyohuyo anajidunga kokeini kwa kukosa kesi ya kumshughulisha. Watengenezaji wa filamu waliotaka kumleta mtu wa namna hii mbele ya mtoto aliyekaa na wazazi wake walilazimika kuamua waondoe nini na wabakize nini. Kuondoa damu ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuibakiza hoja, yaani zile dalili ndogo zinazounganishwa moja baada ya nyingine hadi ukweli ujulikane, kwa sababu bila hizo hakuna upelelezi, kuna kufukuzana tu.

Mfano bora wa mapema ulitoka Ujerumani, na ulikuwa na bahati ya kutokana na kitabu ambacho tangu mwanzo kiliachana na mauaji. Katika Emil und die Detektive, riwaya ya Erich Kästner ya 1929, Emil Tischbein, mtoto wa mjane msusi, anapanda treni kwenda Berlin akiwa na marki 140, nyingi zikiwa za kumpelekea bibi yake. Njiani anapitiwa na usingizi. Anapoamka pesa hazipo, na bwana mwenye kofia ya duara aliyekuwa naye behewani ameondoka. Kwenda polisi anaogopa: kwao aliwahi kuipaka sanamu ya mtawala pua nyekundu na masharubu, na anahofia kwamba kosa hilo litafichuka. Sababu hiyo ndogo ndiyo inayoibeba hadithi nzima, kwani inamlazimu mtoto apeleleze mwenyewe bila mwandishi kuwafanya watu wazima wote wajinga. Watoto wa Berlin wanajitolea kumsaidia na kugawana kazi. Wengine wanamfuatilia mwizi, wengine wanapeleka habari, na mmoja mdogo, Dienstag, anabaki nyumbani karibu na simu huku wenzake wakila uhondo wa mitaani. Kinachomnasa mwizi ni matundu ya pini, maana Emil alikuwa amezibana noti zake kwenye bitana ya koti. Mtoto yeyote anaweza kuufuata ushahidi huo, na hakimu yeyote angeukubali.

Filamu ya Gerhard Lamprecht ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1931, wakati sauti ilipokuwa bado jambo geni katika sinema. Mswada wake uliandikwa na Billy Wilder, kijana wa miaka 25 ambaye baadaye angepata umaarufu Hollywood. Kamera ilitolewa studio ikapelekwa mitaani, hivyo mtazamaji anaiona Berlin halisi, na tramu zake na wapita njia wake, na umati wa watoto unaomzingira mwizi hadi akose pa kukimbilia. Wilder, aliyekuwa Myahudi, aliikimbia Ujerumani 1933, mwaka ambao Wanazi walivichoma hadharani vitabu vya Kästner. Emil hakuguswa, kwa jinsi alivyopendwa. Vita havikuwa na huruma hiyo: Rolf Wenkhaus, aliyemwigiza Emil, na Hans Albrecht Löhr, aliyekuwa Dienstag, wote wawili waliuawa vitani 1942. Hadithi yenyewe iliendelea kutengenezwa upya, Uingereza mwaka 1935 na katika studio za Disney mwaka 1964.

Marekani ilikuwa na Nancy Drew, msichana mpelelezi ambaye vitabu vyake vilianza kutoka 1930 kwa jina la kubuni la Carolyn Keene. Warner Bros. ilitoa filamu nne kati ya 1938 na 1939, Bonita Granville akiwa Nancy. Zinachangamsha, lakini Nancy wa vitabuni, anayepima mambo kwa utulivu, amegeuzwa msichana wa papara anayesaidiwa mno na bahati, na hapo ndipo zilipopoteza ladha yake.

Holmes mwenyewe aliwafikia watoto wadogo kwa kuvishwa umbo la mnyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, studio moja ya Tokyo na televisheni ya taifa ya Italia, RAI, zilishirikiana kutengeneza katuni ambamo kila mtu ni mbwa. Hayao Miyazaki aliongoza vipindi sita kabla kazi haijasimamishwa, sababu moja ikiwa mvutano na warithi wa Conan Doyle. Viwili kati yake vilionyeshwa sinemani Machi 1984 pamoja na filamu yake Nausicaä, na mfululizo mzima ukaja baadaye. Kimojawapo kinatokana na kisa cha johari ya buluu, ambacho hata katika maandishi ya Doyle hakina mauaji. Profesa Moriarty amekuwa mwizi wa kuchekesha anayeshindwa kila mara na mitambo yake.

Mwaka uliofuata Barry Levinson aliongoza Young Sherlock Holmes, ambamo Holmes na Watson wanakutana wakiwa wanafunzi. Filamu hiyo inakumbukwa kwa shujaa wa kioo cha rangi anayetoka dirishani mwa kanisa, mhusika aliyeundwa kwa kompyuta wakati jambo hilo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Ajabu hizo ni nzuri kutazama, ila zinaifunika hoja, na sehemu ya mwisho ni mapigano zaidi kuliko upelelezi.

Disney ilipata uwiano bora zaidi mwaka 1986 kwa The Great Mouse Detective, iliyotokana na vitabu vya Eve Titus vilivyoanza kutoka 1958. Panya mpelelezi Basil anaishi chini ya nyumba ya Holmes huko Baker Street. Jina lake linatokana na Basil Rathbone, aliyemwigiza Holmes katika filamu 14 kati ya 1939 na 1946. Rathbone alikuwa amefariki 1967, lakini sauti yake, iliyochukuliwa kutoka rekodi ya zamani, inasikika Holmes wa kibinadamu anapozungumza. Basil anaokota karatasi iliyoangushwa na mhalifu, anaichunguza kwa darubini, anaipima kwa kemikali, anagundua maji ya chumvi, na kutokana na hayo anaitaja sehemu moja tu ya mto ambako maficho yanaweza kuwa. Mtoto anaonyeshwa kila hatua. Pembeni yupo Dk. Dawson, anayeuliza yale ambayo mtazamaji angependa kuuliza. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua nafasi hiyo kwa Najum, rafiki wa mpelelezi Bwana Msa mwenye kiko, ambaye Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Pambano la mwisho ndani ya saa ya Big Ben lilitumia magurudumu ya meno yaliyochorwa kwa msaada wa kompyuta. Filamu ilifanya vizuri sokoni, mwaka mmoja tu baada ya The Black Cauldron kuitia studio hasara, na wawili kati ya waongozaji wake, Ron Clements na John Musker, wakapewa The Little Mermaid.

Katika karne hii mpelelezi mtoto amekuwa dada yake Holmes. Enola Holmes, iliyotoka Netflix 2020, inatokana na vitabu vya Nancy Springer. Warithi wa Doyle waliishtaki wakidai kwamba Holmes mwenye huruma ni wa hadithi za mwisho tu, zilizokuwa bado na hakimiliki Marekani. Kesi iliondolewa mwaka huohuo. Filamu ya pili, ya 2022, iliingiza mgomo halisi wa wasichana wa kiwanda cha viberiti wa London mwaka 1888, na Sarah Chapman, mmoja wa viongozi wake, akawa mhusika. Tangu Januari 1, 2023, hadithi zote za Holmes ziko huru Marekani pia. Emil, ambaye mwandishi wake alifariki 1974, bado analindwa Ujerumani hadi mwisho wa 2044.